Malawi na Zambia katika ligi ya Marekani: msimu wa mabao, mamilioni na swali la nyumbani

Usiku wa tarehe 23 Novemba 2024, katika jiji la Kansas City nchini Marekani, fainali ya ligi ya wanawake ilikuwa imefika dakika ya 37 bila bao. Barbra Banda wa Zambia akaukimbilia mpira mrefu upande wa kulia, akaingia eneo la hatari, akamhadaa beki aliyemkabili, kisha akaachia mkwaju wa mguu wa kushoto uliomshinda kipa wa Washington Spirit. Hadi kipenga cha mwisho hakuna bao jingine lililopatikana. Klabu ya Orlando Pride ikatwaa ubingwa wake wa kwanza tangu ilipoanza kushiriki ligi hiyo mwaka 2016, na Banda, akiwa na umri wa miaka 24, akatangazwa mchezaji bora wa fainali.

Katika msimu huohuo, tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima ilikwenda kwa Temwa Chawinga wa Malawi, ambaye pia alinyakua Kiatu cha Dhahabu cha mfungaji bora. Na kabla hata ya mechi ya kwanza kuchezwa, Mzambia mwingine, Racheal Kundananji, alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya ada ya uhamisho kwa upande wa wanawake. Nchi mbili zinazopakana na Tanzania kwa upande wa kusini, ambazo ligi zao za wanawake hazina fedha za kulinganishwa na za ng'ambo, zilitoa majina matatu yaliyotajwa zaidi katika mojawapo ya ligi tajiri kuliko zote za wanawake duniani.

Makala haya yanaeleza jinsi ligi hiyo inavyoendeshwa, jinsi mabinti hao walivyofika huko, na swali ambalo mabao yao hayajalijibu: nyumbani kunabaki nini?

Ligi isiyoshusha daraja

Ligi ya taifa ya soka ya wanawake ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi cha NWSL, ilianza kuchezwa mwaka 2013. Katika msimu wa 2024 ilikuwa na timu 14, baada ya kujiunga kwa Bay FC ya California na kurejea kwa Utah Royals. Kila timu ilikutana na kila mpinzani mara mbili, nyumbani na ugenini, hivyo kila moja ilicheza mechi 26. Pazia lilifunguliwa katikati ya Machi na hatua ya kawaida ikamalizika mwanzoni mwa Novemba, huku ligi ikisimama kwa muda kupisha Michezo ya Olimpiki ya Paris.

Tofauti ya kwanza na ligi zinazofahamika Afrika Mashariki ni kwamba hakuna timu inayoshuka daraja. Tofauti ya pili ni kwamba anayeongoza msimamo hajawa bingwa bado. Timu yenye alama nyingi hupewa Ngao, lakini timu nane za juu huingia katika hatua ya mtoano, na anayeshinda fainali ndiye anayehesabiwa kuwa bingwa wa mwaka. Timu inaweza kuongoza miezi minane na kupoteza kila kitu kwa jioni moja.

Tofauti ya tatu ni kikomo cha mishahara. Ligi hupanga kiasi cha juu ambacho kila klabu inaruhusiwa kutumia kwa mishahara ya kikosi chake, ili klabu tajiri isiwanunue wachezaji wote walio bora. Nafasi za wachezaji wa kigeni nazo zina hesabu: kila klabu hugawiwa saba, na inaweza kuziuza au kubadilishana na klabu nyingine. Kwa hiyo klabu inapomsajili mshambuliaji kutoka Lusaka au Rumphi, inakuwa imetoa pamoja na fedha nafasi ambayo ingeweza kupewa Mbrazili au Mfaransa.

Orlando: mechi 23 bila kupoteza

Mwaka 2023 Orlando Pride walikosa hatua ya mtoano kwa tofauti ya mabao tu. Nafasi ya mwisho waliyoiwania ilichukuliwa na Gotham FC, ambao walikwenda moja kwa moja hadi kutwaa ubingwa. Somo hilo lilikuwa chungu, na klabu ilijibu kwa kutafuta mfungaji. Mwezi Machi 2024 ilitangaza kumsajili Banda kutoka Shanghai Shengli ya China kwa ada iliyoripotiwa kuwa dola 740,000 za Marekani, wakati huo ikiwa ya pili kwa ukubwa katika historia ya soka la wanawake.

Banda hakuwa mgeni kwa ulimwengu. Katika Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021 alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi, kisha mengine matatu katika mechi iliyofuata dhidi ya China. Kabla ya kuamua kubaki na soka aliwahi kuwa bondia, na mabeki wengi wa Marekani waligundua mapema kwamba kumsukuma begani hakusaidii kitu.

Alimaliza hatua ya kawaida akiwa na mabao 13. Nyuma yake alikuwepo Mbrazili Marta, nahodha mwenye umri wa miaka 38 aliyekuwa klabuni hapo tangu 2017 bila kushinda taji lolote la ligi hiyo, na langoni alisimama Mwingereza Anna Moorhouse, aliyeweka rekodi kwa kumaliza mechi 13 bila kuruhusu bao. Chini ya kocha Seb Hines, Orlando walicheza mechi 23 za mwanzo bila kupoteza hata moja. Ngao waliihakikisha tarehe 6 Oktoba kwa kuifunga Washington mabao 2 kwa 0. Siku tano baadaye Portland Thorns wakawa wa kwanza kuwafunga. Hesabu ya mwisho ilikuwa alama 60: ushindi 18, sare 6, kushindwa mara 2.

Katika mtoano waliiondoa Chicago kwa mabao 4 kwa 1, kisha Kansas City Current kwa mabao 3 kwa 2, kabla ya fainali hiyo ya bao moja. Banda alifunga katika mechi zote tatu, mabao manne kwa jumla. Hines akawa kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa ligi hiyo.

Chawinga: hakuna timu iliyosalimika

Ikiwa Banda alikuwa na neno la mwisho, msimu wenyewe ulikuwa wa Chawinga. Mshambuliaji huyo wa Kansas City Current alifunga mabao 20 katika hatua ya kawaida na kuipita rekodi ya mabao 18 iliyowekwa na Sam Kerr wa Australia mwaka 2019. Kulikuwa na timu 13 za kukutana nazo, na Chawinga alizifunga zote 13, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mchezaji yeyote katika msimu mmoja wa ligi hiyo. Alikuwa pia Mwafrika wa kwanza kutwaa Kiatu cha Dhahabu na wa kwanza kuwa mchezaji bora wa msimu. Timu yake ilifunga mabao 57, rekodi nyingine, ingawa ilimaliza katika nafasi ya nne kwa alama 55.

Uwanja aliochezea una historia yake. Ulifunguliwa tarehe 16 Machi 2024 ukiwa na viti 11,500, na unatajwa kuwa uwanja wa kwanza duniani uliojengwa mahususi kwa ajili ya timu ya wanawake ya kulipwa. Siku ya ufunguzi wenyeji waliifunga Portland mabao 5 kwa 4. Ni katika uwanja huohuo ambapo Banda alifunga bao la ubingwa miezi minane baadaye.

Njia ndefu kupitia Sweden na China

Chawinga anatoka Rumphi, wilaya iliyo katika mkoa wa kaskazini mwa Malawi, mkoa unaopakana na Tanzania. Aliyemtangulia ni dada yake mkubwa, Tabitha. Wote wawili walipitia klabu ya DD Sunshine ya Lilongwe. Tabitha alikwenda Sweden mwaka 2014, akafunga mabao hadi klabu kubwa zikamwona, na njia aliyoifyeka ikapitiwa na mdogo wake: Temwa alijiunga na Kvarnsveden ya Sweden, klabu ambayo dada yake alikuwa ameichezea, kisha akaenda Wuhan nchini China. Mwaka 2023 peke yake alifunga mabao 63 katika mashindano yote. Ndipo Marekani ikamfungulia mlango. Mwaka huo wa 2024, Tabitha alihamia Lyon ya Ufaransa akitokea Paris Saint-Germain.

Njia ya Banda haikuwa tofauti sana: Green Buffaloes ya Lusaka, Logroño ya Hispania, Shanghai, kisha Orlando. Kundananji alipitia Kazakhstan na Hispania kabla ya Bay FC kumnunua kutoka Madrid CFF mwezi Februari 2024 kwa zaidi ya dola 780,000. Hakuna Mwafrika mwingine, mwanamume au mwanamke, aliyekuwa amewahi kuishikilia rekodi ya dunia ya uhamisho.

Kinachofanana katika safari zote tatu ni kwamba hakuna aliyetoka nyumbani na kutua moja kwa moja katika ligi kubwa. Kila mmoja alilazimika kuthibitisha uwezo wake katika nchi ya pili, wakati mwingine ya tatu, kwa lugha asiyoijua na katika baridi asiyoizoea. Mshambuliaji wa Ulaya wa umri uleule huonekana na wasajili akiwa bado katika timu ya vijana. Wa Malawi huonekana baada ya kufunga mabao 63.

Kushukiwa kabla ya kushangiliwa

Kuna mzigo mwingine ambao takwimu hazionyeshi. Tabitha Chawinga amewahi kusimulia hadharani kwamba alipokuwa binti mdogo alivuliwa nguo mara mbili mbele ya watu, kwa sababu wapinzani hawakuamini kwamba msichana anaweza kucheza vile. Banda naye aliachwa nje ya kikosi cha Zambia katika Kombe la Afrika la mwaka 2022 nchini Morocco, kutokana na masharti ya kiwango cha homoni. Mwaka mmoja baadaye alicheza Kombe la Dunia nchini Australia na New Zealand bila kizuizi, na bao lake dhidi ya Costa Rica likawa la 1,000 katika historia ya mashindano hayo.

Kwa hiyo, tuzo ya mwanasoka bora wa kike barani Afrika aliyokabidhiwa Desemba 2024 ilikuwa na uzito zaidi ya chuma chake. Ilitolewa na shirikisho lilelile ambalo masharti yake yalimweka nje miaka miwili kabla.

Mkataba uliobadilisha mizani

Msimu wa 2024 ulileta mabadiliko nje ya uwanja pia. Miaka mitatu kabla, ligi hiyo ilitikiswa na madai ya wachezaji kwamba makocha waliwadhalilisha na viongozi wakafumba macho. Ripoti ya mwanasheria Sally Yates, iliyotolewa Oktoba 2022, ilithibitisha kwamba unyanyasaji ulikuwa umeota mizizi, na mapema 2023 makocha wanne wakafungiwa maisha. Wachezaji walijifunza kwamba bila umoja wao hakuna atakayewatetea.

Tarehe 22 Agosti 2024, chama chao kilitangaza mkataba mpya na ligi utakaodumu hadi 2030. Mkataba huo ulifuta utaratibu uliozipa klabu haki ya kugawana chipukizi kutoka vyuo vikuu bila wao kuchagua waendako. Ulizuia pia klabu kumhamisha mchezaji kwenda klabu nyingine bila ridhaa yake, na kumpa kila anayemaliza mkataba uhuru wa kutafuta mwajiri mwingine. Kima cha chini cha mshahara kilipangwa kuwa dola 48,500 kwa mwaka 2025, kikipanda hatua kwa hatua hadi dola 82,500 ifikapo 2030.

Fedha hizo zina chanzo. Mwishoni mwa 2023 ligi ilitia saini mikataba ya televisheni yenye thamani ya dola milioni 240 kwa miaka minne, na mwaka 2024 idadi ya watazamaji walioingia viwanjani ilivuka milioni mbili kwa mara ya kwanza katika msimu mmoja. Wanaolipa kiingilio na kuwasha televisheni wanataka mabao, na mabao yalitoka Malawi na Zambia.

Je, kiasi gani kinarudi?

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu kwa klabu za nyumbani. Kanuni za shirikisho la soka duniani, FIFA, zina njia mbili za kuilipa klabu iliyomlea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, ambayo kwa upande wa wanaume hulipwa mchezaji kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Katika soka la wanawake fidia hiyo haitumiki. Klabu ya Lilongwe au Lusaka inaweza kumlea binti kwa miaka sita, naye akaondoka akiwa huru, isilipwe chochote kwa kazi hiyo.

Njia ya pili ni mchango wa mshikamano, unaowahusu pia wanawake. Mchezaji anayehama kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, na ada ikalipwa, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zote alizozichezea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri kuanzia 12 hadi 15 huchukua robo ya asilimia moja ya ada. Kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 huchukua nusu ya asilimia.

Chukua mfano wa ada ya dola 740,000. Fungu lote la mshikamano ni dola 37,000. Mchezaji aliyeondoka nchini kwake akiwa na umri wa miaka 18 atakuwa ameziachia klabu za nyumbani miaka sita ya hesabu, yaani dola 14,800. Dola 22,200 zilizobaki zitakwenda katika klabu za ng'ambo alikokomalia. Hata hivyo, kwa klabu ndogo ya Afrika, dola 14,800 si fedha za kubeza. Zinaweza kununua jezi, mipira na nauli za mechi za ugenini kwa muda mrefu.

Lakini fedha hizo hazijileti. Tangu Novemba 2022, malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA, nayo hutegemea kumbukumbu za kielektroniki za shirikisho la nchi: lini mchezaji aliandikishwa, katika klabu gani, hadi tarehe ipi. Klabu ambayo haikumwandikisha binti kwa sababu ilidhani soka la wanawake ni burudani ya mwisho wa juma haimo katika orodha. Timu ya shule au ya kijiji ambayo haijasajiliwa nayo haimo. Uhamisho wa bure, ambao ndio njia ya wengi, hauleti senti.

Somo hilo linazihusu pia nchi jirani. Clara Luvanga wa Tanzania alitoka Yanga Princess, akapita Hispania na sasa anaichezea Al-Nassr ya Saudi Arabia. Simba Queens ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022, na wasajili wa ng'ambo wameanza kuutazama ukanda huu. Kinachotakiwa hakianzii kwenye viwanja vya kifahari. Kinaanzia kwenye kadi ya usajili ya msichana wa miaka 12, yenye tarehe sahihi na jina la klabu, iliyoingizwa katika mfumo wa shirikisho, na kwenye mkataba wa maandishi ili anapoondoka, aondoke kwa ada.

Taifa na klabu

Upande mwingine wa swali unahusu timu za taifa. Ligi iliposimama Julai 2024, Banda alikwenda Ufaransa na Zambia. Mjini Nice alifunga mabao matatu dhidi ya Australia, na wakati fulani timu yake iliongoza kwa mabao 5 kwa 2. Ikapoteza 6 kwa 5. Mechi hiyo ilionyesha yote mawili kwa pamoja: washambuliaji wa kiwango cha dunia, na safu ya ulinzi isiyopata mechi ngumu za kutosha nyumbani. Chawinga hakuwa Paris, kwa kuwa Malawi haikufuzu.

Umbali nao una gharama. Aprili 2025, shirikisho la soka la Zambia lilitangaza kwamba wachezaji wake wanne walioko Marekani, Banda na Kundananji wakiwemo, hawangesafiri kwa mashindano ya kirafiki nchini China kutokana na masharti ya usafiri. Timu ya taifa ikaenda bila nguzo zake.

Hata hivyo, mbegu imeanza kuchipua. Mwaka 2025 Chawinga alifunga mabao 15 na kutwaa tena Kiatu cha Dhahabu pamoja na tuzo ya mchezaji bora, akiwa wa kwanza kuipata mara mbili mfululizo. Na mwezi Oktoba mwaka huo Malawi, ikiiondoa Angola, ilifuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake fainali za Kombe la Afrika kwa Wanawake. Msichana anayecheza na wavulana huko Rumphi leo ana jambo ambalo Tabitha hakuwa nalo alipovuliwa nguo uwanjani: jina la mtu wa kwao la kuwajibu wanaomshuku. Kinachobaki ni klabu yake kumwandikisha.